Uzi Mkononi, Tamthilia Machoni

Baada ya swala ya Isha, ukipita katika vichochoro vya Mkomani au Langoni, sauti ya televisheni hukufuata kutoka daka hadi daka. Hapa pana Kituruki, pale Kihindi, nyumba ya tatu Kikorea, na katika chumba cha vijana Kijapani. Ndani, mama mwenye nyumba hakukaa bure. Ana kofia mapajani na sindano mkononi, na sufuria ya wali iko juu kwenye kidari cha meko, ngazi mbili kutoka alipoketi. Mtoto wa mwisho amesinzia ubavuni pake, mkubwa anamaliza kazi ya shule sakafuni, na simu inawaka kila baada ya dakika chache kwa ujumbe wa kikundi cha harusi. Ukimuuliza anafanya nini, atakujibu bila kusita kwamba anatazama tamthilia.

Mimi ni mmoja wa kina mama hao, na sikuandika makala haya ili kuwakataza wenzangu televisheni. Wanaoikataza wapo, na wana hoja zao. Mimi nataka kuzungumzia jambo dogo zaidi ambalo halisemwi sana: zile kazi tunazozifanya huku tukitazama, na zipi kati yake zinaharibika bila sisi kutambua.

Mwanamke wa pwani kushika kazi mbili kwa wakati mmoja si jambo la leo. Bibi yangu alisuka ukili tangu nilipopata akili mpaka mikono ilipokataa. Miyaa ya mkoma ilikaushwa, ikachanwa nyembamba, nyingine ikachovywa rangi, kisha ikasukwa ukanda mrefu uliopimwa kwa pima. Kanda hizo ndizo zilizoshonwa ubavu kwa ubavu zikawa mkeka au msala. Kazi hiyo aliifanya katika mwanga hafifu wa kandili, na sikumbuki kumwona akitazama vidole vyake. Akikosea, kidole ndicho kilichomwambia. Macho yake yalikuwa kwetu wajukuu tuliozunguka mkeka, na mdomo wake ulikuwa kwa Abunuwasi, kwa sungura, na kwa majini ya baharini ambayo mimi hadi leo siyapendi. Aliposema paukwa, nasi tulikuwa na kazi: kuchagua mchele, kumenya vitunguu thaumu, kukunja nguo zilizoanuliwa. Hadithi ikiisha, ukili umeongezeka na mchele umesafika.

Kwa miaka mingi nilidhani ninachokifanya mimi mbele ya televisheni ni hicho hicho alichokifanya bibi. Nilijisifu hata. Nikasema, hii ndiyo baraza yetu ya leo, na kofia hii ndiyo ukili wangu. Nilikosea, na kosa langu halikuwa la dini wala la uvivu. Lilikuwa kosa la hesabu ya viungo. Hadithi ya bibi ilihitaji masikio yetu tu, na ukili wake ulihitaji vidole vyake tu. Hakuna kiungo kimoja kilichoitwa na mabwana wawili.

Kofia ya kushona kwa mkono haiko hivyo. Nakshi yake ni vitobo vidogo vidogo ambavyo kila kimoja huzungushiwa uzi, safu baada ya safu, na mshonaji hufuata mchoro uliochorwa kabla. Kofia nzuri humchukua mtu wiki kadhaa, na zile za heshima, ambazo mwenyewe huziagiza kwa ajili ya Idi au Maulidi, huchukua miezi. Mkono uliozoea utapitisha sindano, lakini jicho ndilo linalojua ua limefika wapi. Na tamthilia ya siku hizi nayo inalitaka jicho hilo hilo.

Hapo zamani picha haikutujia nyumbani. Mama zetu waliokwenda sinema Unguja na Mombasa walikuwa na maonyesho yao ya wanawake peke yao, nao walijitayarisha kama wanaokwenda harusini: udi, asumini, leso mpya. Ukiingia ukumbini unakaa gizani na mikono imetulia. Hakuna aliyepeleka mkeka wa kushona ndani ya sinema. Filamu za Kihindi hazikutafsiriwa kwa Kiswahili, lakini nyimbo, machozi na macho ya waigizaji viliwatosha, na wengi walirudi nyumbani wakaisimulia filamu nzima kuanzia mwanzo hadi mwisho. Picha ilikuwa na saa yake na mahali pake. Unguja ilipofungua televisheni ya rangi mwaka 1973, ya mwanzo kusini mwa Sahara, na seti zilipoenea taratibu katika nyumba zetu za mwambao, picha ilihama. Ilikuja kukaa pale pale penye kazi: penye mchele, penye watoto, penye pasi na penye msala.

Bado mambo hayakuwa mabaya, kwa sababu mengi tuliyoyatazama yalisemwa kwa lugha tunayoisikia. Taarifa ya habari, mawaidha na michezo ya kuigiza ya Kiswahili unaweza kuisikiliza ukiwa umeinama juu ya kazi, ukainua kichwa pale tu sauti inapobadilika. Tamthilia za Kituruki zilizotiwa sauti za Kiswahili zina faida hiyo hiyo, na nadhani ndiyo maana zimependwa sana na wenye kazi za mikono. Tatizo linaanza maneno yanapohamia chini ya picha. Maandishi yale hukaa sekunde chache, yakaondoka. Ukiyakosa, umekosa kwa nini bibi harusi amelia. Basi unayafukuza kwa jicho, na jicho hilo hilo unalirudisha kwenye sindano, kisha juu, kisha chini, mamia ya mara kwa usiku mmoja.

Vijana wetu wako ndani zaidi ya jambo hili kuliko sisi. Mpwa wangu wa kidato cha tatu ni mpenzi wa katuni za Kijapani, zile ziitwazo anime, naye hukubali tu zenye sauti ya Kijapani na maandishi ya Kiingereza, kwa hoja kwamba sauti za kutiwa zinaharibu ladha. Niliketi naye siku moja tukapiga hesabu. Naruto, pamoja na sehemu yake ya pili, ina vipindi 720. Kila kipindi ni kiasi cha dakika 24. Jumla ni saa 288, yaani siku 12 mchana na usiku bila kulala, bila kula wala kuswali. Na hiyo ni moja tu. One Piece ilianza mwaka 1999, ikapita kipindi cha 1,000 mwaka 2021, na haijesha. Nilipomwuliza saa hizo zote amezipata wapi, alinijibu kwa utulivu, "Mama mdogo, mimi sipotezi wakati. Natazama huku nikidurusu."

Sikucheka, kwa sababu jibu lake lilikuwa langu. Lakini nilimwomba aniambie alichokisoma usiku ule katika kemia. Alikumbuka kichwa cha habari.

Nitoe mfano wa upande wa pili, ili nisionekane nawaonea watoto. Jamaa zetu wenye madishi yanayoshika stesheni za Kiarabu wanaijua Spacetoon, iliyoanza mwaka 2000, ambayo katuni zake za Kijapani hutiwa sauti kwa Kiarabu fasihi. Hadithi ya yule mcheza mpira Tsubasa huko inaitwa Kapteni Majid. Nimewaona watoto wanaoifuata katuni hiyo huku wakipanga viatu au wakimenya mbatata, wakaokota maneno ambayo mwalimu wao chuoni amekuwa akiyarudia mwezi mzima. Hapo sikio lilikuwa kwenye hadithi na mkono kwenye mbatata. Hiyo ni desturi ya bibi kwa sura mpya, na sina neno nayo.

Wataalamu wa akili nao wamelichunguza jambo hili kwa njia zao. Mwaka 1953 Mwingereza Colin Cherry aliwavalisha watu vifaa vya masikioni, akaweka maneno tofauti katika kila sikio, na akawataka wayarudie kwa sauti yale ya sikio moja tu. Baadaye aliwauliza walisikia nini katika sikio la pili. Waliweza kusema kwamba palikuwa na mtu akizungumza. Waliweza hata kutambua sauti ilipogeuka kutoka ya mwanamume ikawa ya mwanamke. Lakini alichokisema hawakukijua, na lugha ilipobadilishwa kutoka Kiingereza kwenda Kijerumani wengine hawakung'amua. Mwaka 2001 Wamarekani watatu, Rubinstein, Meyer na Evans, walionyesha kwamba mtu anayeruka kutoka kazi moja kwenda nyingine hulipa muda kila anaporuka, na kazi ikiwa ngumu ndivyo malipo yanavyozidi. Kwa maneno mengine, tunachokiita kufanya mawili kwa pamoja mara nyingi ni kuliacha moja na kulichukua jingine, kwa haraka kiasi kwamba wenyewe hatujioni tukiliacha.

Nimeitaja habari ya Cherry kwa makusudi, kwa sababu yale ya sikio la pili yalinipata mimi.

Ilikuwa mwaka juzi, wiki chache kabla ya Maulidi. Nilikuwa na kofia ya mtu, ya bei nzuri, na nilikuwa nimezama katika tamthilia ya Kikorea ya jioni. Binti yangu, wakati huo ana miaka 9, alikuwa akikaa karibu na mlango wa ndani akiandika ubao wake. Alisema kitu. Nikamjibu, "Haya, mwanangu." Kesho yake alisema tena, nikajibu vile vile. Sikumdharau, wala sikumkaripia. Nilijua mwanangu amezungumza. Niliijua sauti yake na nikaijibu kwa upole. Maneno yake sikuyajua, na sikujua kwamba siyajui.

Baada ya mwezi mmoja na kidogo mwalimu wake wa chuoni alimtuma mtu nyumbani. Alisema mtoto anarudi nyuma katika kusoma, na kwamba amemhamisha mstari wa mbele mara mbili, lakini bado huupinda uso na kuuchukua msahafu akauweka karibu na pua. Nilimwita binti yangu nikamwuliza kwa nini hakuniambia. Alinitazama kwa mshangao. "Mama, nimekwambia. Nimekwambia herufi zinaungana. Ukasema haya."

Tulipanda basi kwenda Mombasa kwa daktari wa macho. Njia nzima, tangu Mokowe, alilala kifuani pangu, nami nilijaribu kukumbuka hizo siku mbili. Nilikumbuka tamthilia. Nilikumbuka mpaka rangi ya koti la mwigizaji. Daktari alisema, alhamdulillahi, hakuna maradhi. Mtoto haoni mbali wala karibu sawasawa, na miwani itamtosha. Tulirudi na miwani. Hasara ya kweli ilikuwa miezi ya kusoma, na lile jambo ambalo sijui nalipimaje: kwamba kwa muda ule mtoto aliamini nimemsikia, nikaona ni sawa.

Kofia nayo, kwa wenye kutaka kujua, ilikataliwa. Safu moja ya ua ilikuwa imeruka vitobo vinne, na mwenyewe aliiona kabla hajaivaa. Nilifumua kazi ya siku nyingi.

Tangu hapo nimekuwa nikizifikiria hadithi kadhaa za Mtume (s.a.w.) ambazo tulizisoma sote chuoni, kila moja mahali pake, na sikupata kuziweka pamoja. Katika Bukhari, Anas (r.a.) anasimulia kwamba Bi Aisha (r.a.) alikuwa na pazia lenye michoro upande mmoja wa nyumba yake, na Mtume alimtaka aliondoe kwa kuwa picha zake zilikuwa zikimjia katika swala. Bukhari na Muslim wamepokea pia kwa Bi Aisha habari ya vazi lenye nakshi alilolivaa akaswali, kisha akaagiza lirudishwe kwa Abu Jahm, aletewe jingine lisilo na mapambo, kwa sababu lile lilimshughulisha. Haya yalikuwa mapambo ya kitambaa, yasiyotembea wala kusema. Ikiwa yeye, aliyekuwa na moyo ule, alitambua kwamba jicho lina njia yake ya kumtoa mtu alipo, nani kati yetu atadai kwamba skrini haimgusi?

Lakini imepokewa vile vile, na Bukhari na Muslim, kutoka kwa Abu Qatada (r.a.), kwamba Mtume aliswali huku amembeba mjukuu wake Umama binti Zainab, akimweka chini anaposujudu na kumwinua anaposimama. Na imesihi kwamba alikuwa akisikia mtoto analia huifupisha swala, kwa kumhurumia mama yake. Pazia liliondolewa, na mtoto akabebwa. Kwa hiyo si kila kinachoingia katikati ya shughuli ni usumbufu wa kufukuzwa. Kuna kinachotakiwa kipishwe. Na wale waliomwelezea sifa zake wanasema kwamba alipogeuka kumwelekea mtu, aligeuka mwili mzima. Sifa hii tumeihifadhi tangu utotoni, na mimi nilikuwa namjibu mwanangu kwa ubavu wa sikio.

Nyumbani kwetu hatukuizima televisheni. Mume wangu alipendekeza, na kwa wiki mbili tulijaribu. Tulichokipata ni watu wanne wenye simu nne katika pembe nne, jambo ambalo naliona baya zaidi, kwani tamthilia angalau ilikuwa ya wote. Tulichokibadilisha ni mpango wa kazi. Kazi za kidole kilichozoea zinaruhusiwa: kuchagua mchele, kumenya, kukunja nguo, na ukili, ambao nimeanza kujifunza upya uzeeni kwa aibu kubwa, kwa kuwa bibi alinitaka nijifunze nikakataa. Kofia inashonwa mchana kwenye kiwanda, penye mwanga, na masikio yakitaka wenzi yana Qur'ani au redio. Pasi haiwashwi kabisa mbele ya televisheni. Kanzu mbili zilizoungua zinatosha kwa nyumba moja. Chungu kikiwa juu kwenye kidari cha meko, mtu mmoja hukaa nacho huko huko, na kwa bahati njema upepo wa huko juu jioni ni mzuri. Mpwa wangu amekubali kudurusu kwanza, kisha atazame kipindi kimoja kwa raha yake, bila kitabu mapajani. Anasema katuni yenyewe imekuwa tamu zaidi, kwani kumbe kuna mambo mengi alikuwa hayaoni.

Adhana ya Magharibi ikiadhiniwa, picha inasimamishwa. Na mtoto akisema, picha inasimamishwa. Hili la pili lilikuwa gumu kuliko la kwanza, nakiri. Adhana ina saa yake, na mtoto hana. Husema pale hasa panapokaribia kufichuka siri ya wiki nzima, na mara nyingi anachotaka kusema ni kwamba paka wa jirani amezaa. Nasimamisha, namgeukia, namsikiliza habari ya paka. Siku za mwanzo alinijaribu kwa kuniita mara sita au saba kwa kipindi kimoja. Sasa amezoea, na huniita pale tu penye jambo.

Kuna usiku mmoja, hata hivyo, ambao kofia haina budi kumalizika na tamthilia haina budi kutazamwa, na hapo binti yangu ndiye aliyeleta suluhisho, si mimi. Yeye huketi mbele na miwani yake, huyasoma maandishi ya Kiingereza yanapopita, na hutusimulia kwa Kiswahili. Mimi naangalia vitobo vyangu. Mama yangu mzazi, ambaye haoni tena maandishi ya aina yoyote, anachagua mchele kwa vidole na kuuliza maswali. Mtafsiri wetu ana kasoro moja: mazungumzo yakimchosha huyafupisha, na yakimpendeza huongeza yake. Wiki iliyopita alitueleza kwamba mama mkwe wa Kikorea amemwomba radhi mke wa mwanawe na kumpa mkufu. Niliinua macho ghafla, nikamwona mama mkwe bado amekunja uso na mikono yake mitupu.

"Endelea," mama yangu alisema. "Hivyo ni bora."